Mwenye Jeraha na Deni la Dola

Lugha ya taifa ni kioo cha fikra za taifa, na mara nyingine kioo hicho hutuonyesha jambo ambalo sisi wenyewe hatukukusudia kulionyesha. Tunapotaka kumtaja mtu aliyetenda kosa la jinai, maneno hutujia bila taabu: mwizi, mnyang'anyi, jambazi, mbakaji, muuaji. Takriban kila kosa lina jina la mtendaji wake. Lakini tunapotaka kumtaja yule aliyetendwa kosa hilo, ndipo tunapoanza kubabaika. Polisi humwita mlalamikaji, yaani mtu ambaye kazi yake ni kulalamika. Mahakama humwita shahidi, na katika kumbukumbu za shauri huandikwa kuwa ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, kana kwamba alipita njiani tu akaona mtu mwingine akipigwa. Magazeti humwita mhanga, neno lenye maana ya mtu ajitoaye mwenyewe kwa ajili ya jambo fulani, ilhali aliyevunjiwa nyumba yake usiku hakujitoa kwa lolote. (Neno hilohilo ni jina la mnyama mmoja achimbaye mashimo na aonekanaye gizani tu, labda hapo limekaribia ukweli zaidi.) Siku hizi maofisa wa ustawi wa jamii hupendelea neno manusura, kwa maana ya aliyeokoka. Ni jina la heshima, lakini wazazi wa mtoto aliyeuawa hawajui walipokee namna gani.

Hatuyataji haya kwa ajili ya kuchezea maneno. Taifa lisilo na jina thabiti la kumwita aliyedhulumiwa huenda pia halijaamua mahali pa kumweka. Katika insha hii tunakusudia kuuliza swali moja: Serikali inapoanzisha mpango wa kuwasaidia watu waliodhulumiwa kwa makosa ya jinai, mpango huo upimwe kwa kipimo gani? Wapo watakaosema kwamba swali hili ni la wahasibu na wataalamu wa takwimu. Sisi tunaona kuwa ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la hesabu, kwa sababu kipimo cha zawadi si kipimo cha deni. Atoaye zawadi hupimwa kwa ukarimu wake: ametoa kiasi gani, na amewapa watu wangapi. Mwenye deni hupimwa kwa jambo moja tu, nalo ni kama amelipa. Basi hapana budi tujue kwanza kama Serikali humpa aliyedhulumiwa zawadi au humlipa haki yake.

Katika jamii zetu za kale jambo hili halikuwa na utata mkubwa. Damu ilikuwa na wenyewe. Kwa Wamaasai na Waarusha, desturi iliyoandikwa na wataalamu ni kwamba mtu aliyemwua mwanamume alidaiwa ng'ombe 49, naye alilipa pamoja na ukoo wake, na ng'ombe hao walikwenda kwa ukoo wa marehemu. Sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wameijua kwa karne nyingi, huwapa warithi wa aliyeuawa kwa kukusudia hiari ya mambo matatu: kudai kisasi, kupokea dia, au kusamehe. Kadhi husikiliza na kuthibitisha, lakini msamaha wa damu ile si mali yake hata autoe. Mahali pengi barani, kosa la kujeruhi au la kuiba lilimalizwa kwa mbuzi, kwa jembe au kwa siku za kazi shambani, na baada ya malipo watu walikula pamoja mbele ya macho ya wote. Kula huko hakukuwa anasa. Kulitangaza kwamba aliyevunjiwa heshima amerudishiwa, na kwamba mtu yeyote atakayemcheka tangu siku ile atakuwa ameanzisha kosa jipya.

Hata hivyo tusiingie katika mtego wa wale wanaoisifu kila desturi kwa kuwa ni ya kale. Tukichunguza kwa makini tutaona kuwa fidia ile haikumfikia kila aliyeumizwa. Msichana alipobakwa, mbuzi au ng'ombe walikwenda kwa baba yake, kwani hesabu iliyofanywa ilikuwa hesabu ya mahari iliyopungua. Huenda yeye mwenyewe asiulizwe neno, na mara nyingine alitolewa aolewe na mtu yuleyule aliyemdhulumu, na wazee wakaondoka wakiwa wameridhika. Mjane aliyeuawa kwa kusingiziwa uchawi hakuwa na mdai. Mtumwa naye hakuwa na ukoo wa kumlilia. Kwa hiyo desturi ilijua vema kwamba kosa huacha deni, ila ilikosea mara nyingi kumtambua mwenye kulipwa.

Ndipo ikaja dola ya kikoloni. Mwaka 1920 Waingereza waliingiza Tanganyika sheria ya jinai ya India, na mwaka 1930 wakatunga Kanuni ya Adhabu ambayo, baada ya marekebisho mengi, ndiyo msingi wa sheria yetu ya jinai hata leo. Tangu hapo kosa likawa la Mfalme, na baada ya uhuru likawa la Jamhuri. Ukiibiwa baiskeli leo na shauri likafika mahakama ya wilaya, halitaitwa kwa jina lako. Litaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na wewe utaitwa kizimbani kuisaidia Jamhuri. Ni mahakama za mwanzo, zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, zilizobakiza kitu cha mambo ya zamani, kwa kuwa humo mlalamikaji huleta shauri lake mwenyewe na kulieleza kwa Kiswahili bila mwendesha mashtaka kusimama kati. Mtu akitozwa faini, fedha ile huingia Hazina. Yule mbuzi aliyekuwa akienda kwa aliyepigwa sasa anakwenda Serikalini.

Je, mabadiliko haya yalikuwa mabaya? Hatuwezi kusema hivyo. Ukoo dhaifu haukuweza kuudai ukoo wenye nguvu, na kisasi cha leo kilizaa kisasi cha kesho. Ilipasa pawe na mkono mmoja ulio juu ya koo zote, usiomwogopa tajiri wala kumdharau mjane. Dola ilipomwambia aliyedhulumiwa, "Tua fimbo yako, shauri hili tuachie sisi," ilisema neno la kistaarabu. Lakini anayeichukua haki ya kudai kutoka mikononi mwa mwingine hawezi kuuacha chini wajibu unaoambatana nayo. Akikunyang'anya fimbo na kukuzuia usiende kwa ukoo wa mwizi, basi amejitwika mzigo wa kukuuliza umepoteza nini na utarudishiwa vipi. Hili ndilo deni tunalolizungumzia, nalo halitokani na huruma ya mtawala. Hutokana na yale mapatano ambayo kila raia ameyafanya pasipo kutia saini, kwamba hatajilipiza kisasi mwenyewe.

Tangu uhuru, nguvu nyingi zilielekezwa kwa mkosaji. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 ilirudisha viboko 24, mtu apigwe 12 aingiapo gerezani na 12 atokapo. Wananchi wengi waliifurahia. Hatuna haja ya kuijadili hapa sheria hiyo, ila twataka kutaja jambo moja, kwamba kila kiboko kilimwongezea mkosaji maumivu na hakuna hata kimoja kilichomrudishia mwenye duka mzigo wake. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu huiruhusu mahakama kumwamuru mkosaji alipe fidia, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo inaruhusu. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikaenda mbele zaidi, ikaagiza kwamba mtu akipatikana na hatia ya kubaka, mbali na kifungo kisichopungua miaka 30, ataamriwa pia kumlipa fidia yule aliyemtenda. Kwa maandishi, hiyo ni hatua kubwa. Lakini mtu aliyekuwa kibarua wa shamba la mkonge, anayekwenda kukaa gerezani miaka 30, atailipa fidia hiyo kwa mali gani? Hakimu ametamka, karani ameandika, na msichana amerudi kwao na amri ya mahakama ambayo hawezi kuila wala kuivaa. Mdaiwa aliyetajwa katika amri hiyo ni mfungwa asiye na kitu. Dola, iliyolichukua shauri tangu mwanzo, imejitoa katika sehemu ya malipo.

Jambo hili lina matokeo ambayo yatupasa tuyatazame bila unafiki. Maofisa wetu hulalamika kila mwaka kwamba wananchi humaliza mashauri ya ubakaji kinyumbani. Baba wa msichana hupokea ng'ombe wawili au fedha kidogo, mashahidi hupotea siku ya shauri, na mtuhumiwa huachiwa. Wakubwa huwakemea wazee wa vijiji, huwaita watu wasio na elimu, nao wana haki ya kukemea, kwa maana msichana ameuzwa mara ya pili. Lakini tujiulize yule baba amepima nini. Upande mmoja pana mahakama iliyo mbali na kwake, nauli za safari nyingi, siku za kazi zilizopotea, jina la binti kutajwa mbele ya watu, na mwishoni, mambo yote yakienda sawa, mtu mmoja atafungwa na nyumba yake itabaki kama ilivyokuwa. Upande wa pili pana kitu kinachoshikika. Baba huyo amekosa, naye amemkosea binti yake kuliko wote. Ila sisi nasi tumempa mizani yenye sahani moja tupu, kisha tukastaajabu kwamba imeinamia upande wa pili. Kumkemea peke yake hakutaijaza ile sahani.

Historia yetu ya karibuni inao mfano mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima na wafugaji wa sehemu za Kahama, Shinyanga na Nzega walichoshwa na wizi wa ng'ombe, wakaunda sungusungu. Watu hao hawakupima kazi yao kwa idadi ya waliofungwa. Walifuata nyayo usiku kucha ili ng'ombe arudi zizini mwa mwenyewe, na aliporudi walihesabu kuwa shauri limekwisha. Kipimo hicho kilikuwa bora kuliko cha polisi wa wakati ule, na kwa hiyo wananchi waliwaamini. Wala hatusahau upande wa giza: sungusungu walipiga watu, waliwafukuza vikongwe kwa tuhuma za uchawi, na damu isiyo na hatia ilimwagika. Mwenye ng'ombe alirudishiwa, na mjane akaongezwa katika hesabu ya waliodhulumiwa. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989 ili iwatie katika utaratibu. Tunautaja mfano huu kwa sababu wasomi wengi wanaoandika juu yake hutazama fimbo na upinde tu, wakaliacha lile swali rahisi ambalo wanakijiji waliuliza kila asubuhi: amerudi au hakurudi?

Sasa tuje kwenye mipango ya siku zetu. Tangu mwaka 2008 Jeshi la Polisi lilianza kufungua madawati ya jinsia na watoto katika vituo vyake, na kwa sasa madawati hayo ni zaidi ya 400. Mwaka 2011 kikafunguliwa katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kituo cha kwanza cha mkono kwa mkono, na baadaye vingine vikafuata Zanzibar na bara. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioendeshwa kuanzia 2017/18 hadi 2021/22, ulivifanya vituo na madawati hayo kuwa nguzo zake. Fikra iliyomo ni nzuri, tena ni ya kiutu. Zamani mtu aliyejeruhiwa alikwenda hospitali akaambiwa aende kwanza polisi kuchukua hati namba tatu, ile ambayo watu wote huiita PF3. Alifika polisi akaeleza yaliyompata mbele ya kaunta, watu wengine wakisikiliza, kisha akarudi hospitali akaeleza upya, kisha kwa ofisa ustawi akaeleza tena. Katika kituo cha mkono kwa mkono, daktari, polisi na ofisa ustawi wapo chini ya paa moja, na mwenye jeraha hueleza habari yake katika chumba chenye mlango.

Mlango huo ni jambo kubwa. Wasiowahi kusimama kaunta ya polisi na nguo iliyochanika wanaweza kuuona kuwa ni ubao na bawaba tu. Kadhalika muda una uzito wake. Dawa za kumkinga aliyebakwa asiambukizwe virusi vya Ukimwi hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, na saa hizo huanza kuhesabiwa tangu kosa lilipotendeka, hazimngojei karani aliyekwenda kula. Kila safari ya kutafuta hati ilikuwa inakula katika saa hizo. Kituo kinachozifupisha safari tatu kuwa moja humrudishia mtu kitu halisi, pengine uhai wake. Kwa upande huu tunasema bila kusita kwamba sehemu ya deni imeanza kulipwa.

Lakini taarifa za mipango hii hutueleza nini? Hutueleza madawati mangapi yamefunguliwa, maofisa wangapi wamepewa mafunzo, matukio mangapi yameripotiwa. Tuchukue hilo la mwisho. Matukio yakiongezeka, msomaji mmoja atasema ukatili umezidi na mpango umeshindwa. Wa pili atasema watu wamepata imani ya kuripoti, basi mpango umefaulu. Tarakimu ni ileile moja, na kila mmoja anaweza kuitumia apendavyo. Uchunguzi wa kaya una nafuu zaidi, kwa kuwa huwafuata watu majumbani mwao. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa wanawake 40 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15; ule wa mwaka 2022 ulionyesha 27. Tunafurahi kwa kushuka huko. Lakini hesabu hiyo hupima ni wangapi walioumizwa, nayo haituambii lolote juu ya kilichowapata baadaye. Uchunguzi wa ukatili dhidi ya watoto uliofanywa mwaka 2009 ndio uliotugusa zaidi. Ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikia miaka 18. Miongoni mwa wasichana hao, kiasi cha nusu tu walipata kumweleza mtu yeyote. Waliokwenda kutafuta msaada walikuwa wachache kuliko waliosema, na walioupata walikuwa wachache kuliko waliokwenda. Ngazi hiyo ya kushuka ndiyo inayopaswa kupimwa, kila kipago, na kuulizwa nani aliteleza hapo na kwa sababu gani.

Nchi nyingine zimelikabili swali hili kwa njia zake. New Zealand ilitunga sheria ya kuwalipa fidia walioumizwa kwa jinai mwaka 1963, ikawa ya kwanza kufanya hivyo, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Waingereza walilipa, lakini walijihadhari kukiri kuwa wanadaiwa. Walitangaza kwamba fedha zile hutolewa kwa hisani ya Serikali, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka 30 mpaka sheria ya mwaka 1995. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1984, ilianzisha mfuko unaojazwa kwa faini za wakosaji badala ya kodi za raia, na fikra hiyo inatupendeza, kwa kuwa inamrudisha yule mbuzi karibu na alikotoka. Jirani zetu wa Kenya wana sheria ya kuwalinda waliodhulumiwa tangu mwaka 2014, nayo imetaja mfuko. Umoja wa Mataifa nao ulitoa tamko mwaka 1985, na nchi yetu ni mwanachama.

Hapa hapana budi tujibu hoja ya wale wasemao kwamba nchi maskini haiwezi. Wanasema: zahanati hazina dawa za kutosha, shule hazina madawati ya kukalia, nanyi mwataka Hazina imlipe kila aliyeibiwa kuku. Hoja hii ina uzito, wala hatuipuuzi. Lakini umaskini ni sababu ya kulipa kidogokidogo, haujapata kuwa sababu ya kukana deni. Mkulima aliyekopa magunia kumi na mvua ikakosa humwendea aliyemkopesha na debe moja mkononi, akamwambia, "Chukua hili, mengine nayakumbuka." Debe lile si zawadi, na wote wawili wanajua. Kuna mambo madogo ambayo dola maskini inaweza kuyafanya kesho asubuhi: kumrudishia shahidi nauli yake siku ileile aliyofika mahakamani, hata kama shauri limeahirishwa, kumpa taarifa kwamba mtu aliyemjeruhi ametoka kwa dhamana, asije akamkutia kisimani, kumtibu bure hata asiyetaka kushitaki. Hili la mwisho tunalitilia mkazo. Matibabu yakifungamanishwa na mashtaka, mwili wa mtu huwa ni kielelezo cha Jamhuri kwanza, na mwili wake mwenyewe baadaye.

Twasema pia kwamba mpimaji wa mipango hii arudi kwa mtu yule baada ya mwaka mmoja. Asiende na fomu ya kujaza idadi. Akae barazani, amwulize: Je, unalala? Unapita njia ile tena? Je, ulipewa kile ulichoambiwa utapewa? Wataalamu watasema majibu ya namna hiyo hayajumlishiki. Huenda ni kweli, lakini wazee waliokaa kula pamoja baada ya malipo walikuwa wakiyatazama mambo hayohayo, na walijua kuyasoma usoni mwa mtu.

Tumeliacha mpaka sasa jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni ulinzi. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakauawa na kukatwa viungo kwa imani za kishirikina, na walio wengi katika waliowindwa walikuwa watoto. Serikali ilifanya lililopasa kufanywa nyumba inapoungua. Iliwakusanya watoto, ikawapeleka katika shule na vituo vyenye uzio na walinzi: Buhangija katika Shinyanga, Mitindo katika Misungwi, Kabanga katika Kasulu, na kwingineko. Mamia ya watoto waliishi humo. Ukiupima mpango huo kwa hesabu ya uhai, ulistahili sifa, nasi tunampa sifa kila mlezi aliyekesha langoni.

Lakini moto ulipopungua, watoto walibaki ndani. Wengine waliletwa wakiwa wadogo mno hata kutaja kijiji chao. Wengine wazazi wao hawakurudi kuwaona, kwa umaskini, kwa hofu au kwa aibu. Wakalala wengi katika bweni moja, wakaoneshwa kwa wageni waliokuja na zawadi na kamera. Hapo mambo yamepinduka kwa namna ambayo haitupi raha. Mwindaji anatembea sokoni, na mtoto asiye na kosa anaishi nyuma ya uzio. Hatusemi kwamba ilipasa lango lifunguliwe siku ileile, maana kumtoa mtoto kumpeleka kwa jirani mwenye panga si kumpa uhuru. Tunasema kwamba uzio ule ulikuwa mkopo mpya juu ya deni la zamani. Kila mwaka mtoto aliokaa humo, dola iliongeza alichodaiwa: mwaka wa kukosa kumjua nyanya yake, wa kukosa kusikia lugha ya kwao, wa kukosa kuchunga pamoja na wa rika lake ili wamzoee na kumwona mwenzao. Na kazi ya kuirudisha salama njia ya kwao, ya kukaa na kijiji kizima mpaka kila mtu aone haya kumtazama mtoto yule kwa jicho la bei, ni kazi ya polepole isiyo na jengo la kuzinduliwa, kwa hiyo fungu lake la fedha huwa dogo.

Mtoto aliyepelekwa huko mwaka 2009 akiwa na miaka sita alitimiza miaka 18 mwaka 2021. Daftari la kituo litaandika kwamba aliingia akiwa hai na akatoka akiwa hai, nayo ni kweli. Kule kijijini, pengine shamba la baba yake lilikwisha kugawanywa kati ya ndugu zake, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyetumwa kwenda kuwaambia wamwekee sehemu.